Tsushima: jimbo lisilo na mpunga katika nchi iliyopimwa kwa mchele

Katika Makumbusho ya Taifa ya Kyushu, kusini mwa Japani, imehifadhiwa mihuri kadhaa ya mbao iliyotoka kwenye hazina ya ukoo wa Sō. Imechongwa kwa ustadi mkubwa. Ipo inayoiga muhuri wa mfalme wa Korea, na ipo inayoiga muhuri wa mashoguni, watawala wa kijeshi wa Japani. Yote ni ya kughushi. Walioitumia hawakuwa matapeli wa vichochoroni. Walikuwa watawala wenyewe wa Tsushima, kisiwa kilicho kati ya Japani na Korea, na kwa vizazi kadhaa amani kati ya falme mbili ilipitia mikononi mwao na kwenye mihuri hiyo.

Ilikuwaje jimbo zima likaishi kwa kughushi? Jibu langu ni fupi: njaa. Lakini ili jibu hilo lieleweke, inabidi kwanza tujue jimbo la Japani lilikuwa kitu gani.

Japani ya kale iligawanywa katika sehemu zilizoitwa kuni. Neno lenyewe lina maana ya nchi, ila sisi tuziite majimbo. Mfumo huo ulisimikwa na sheria za mwaka 701, na baadaye hesabu ikatulia kwenye majimbo 66 na visiwa viwili, Iki na Tsushima, vilivyotajwa kando kwa udogo wake na kwa kukaa kwake mpakani. Mji mkuu ulipeleka gavana kila jimbo. Karne zilivyosonga, nguvu zikahama kutoka kwa magavana kwenda kwa koo za wapiganaji, na kufikia enzi ya Edo, mji wa mashoguni ambao leo ni Tokyo, 1603 hadi 1868, mwenye kauli alikuwa daimyo, bwana wa eneo lililoitwa han. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu han na jimbo havikulingana. Jimbo moja liliweza kukatwakatwa kuwa han nyingi, na han moja kama Kaga ikatanda juu ya majimbo matatu. Mwaka 1871 serikali mpya ya Meiji ikafuta han zote na kuweka mikoa. Majimbo yenyewe hayakufutwa na sheria yoyote. Yalififia tu, majina yake yakabaki kwenye vyakula, milima na vituo vya treni.

Tsushima ilisalimika na mkanganyiko huo. Ilikuwa jimbo moja, lenye wilaya mbili tu, Kamiagata upande wa juu na Shimoagata upande wa chini, chini ya ukoo mmoja kwa takriban miaka mia sita. Ukiishika historia ya ukoo umeishika ya jimbo.

Sasa tazama ardhi yenyewe. Kisiwa kina urefu wa kilomita 82 hivi na upana wa 18, eneo lake ni kama kilomita za mraba 700, na karibu asilimia 90 ni milima yenye msitu. Kutoka ncha yake ya kaskazini hadi Busan, Korea, ni kilomita 50. Kutoka bandari yake kuu ya Izuhara hadi Hakata, kwenye kisiwa cha Kyushu, ni zaidi ya kilomita 130. Siku ya anga safi, mtu aliyesimama Wanitsuura huiona Korea kwa macho yake. Wachina walioandika habari za nchi hii katika karne ya 3 walisema ina kaya elfu moja na ushei, njia zake ni kama za wanyama, haina mashamba mazuri, na watu wake wanaishi kwa vitu vya baharini huku wakipanda mashua kwenda kusini na kaskazini kutafuta nafaka. Sentensi hiyo ina miaka 1,700, na sijasoma maelezo mafupi na ya kweli zaidi kuhusu Tsushima.

Tatizo likawa kwamba jimbo hili lilikuwa ndani ya nchi iliyopima kila kitu kwa mchele. Kipimo chenyewe kiliitwa koku, takriban lita 180, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mzima mmoja kwa mwaka. Cheo cha daimyo, idadi ya askari aliotakiwa kutoa, hata mahali pa kukaa kwenye kasri la shogun, vyote vilitokana na koku za ardhi yake. Sasa bwana ambaye ardhi yake ni mwamba na msitu anajipimaje? Wakuu wa Edo walikuja kuwapa Sō hadhi ya daimyo wa koku 100,000, ingawa mashamba yao hayakukaribia hata kidogo kutoa kiasi hicho. Walipewa hadhi hiyo kwa sababu ya kazi yao, na kazi yao ilikuwa Korea.

Mwanzoni Tsushima ilikuwa ngome. Mwaka 663 jeshi la Japani lilipigwa vibaya kwenye pwani ya Korea na majeshi ya Tang, yaani China, na ya Silla, ufalme wa Korea, na kwa hofu ya kuvamiwa, watawala wa Yamato, yaani Japani ya wakati ule, wakapeleka walinzi na minara ya moto kisiwani. Mwaka 667 wakajenga ngome ya Kaneda, ambayo kuta zake za mawe zipo hadi leo. Mwaka 674 ikapatikana fedha, ya kwanza kuchimbwa Japani kwa mujibu wa kumbukumbu za nchi. Mwaka 701 ikaja habari kubwa zaidi, kwamba kisiwa kimetoa dhahabu. Baraza la mfalme likafurahi hata likaupa mwaka huo jina jipya la enzi, Taihō, yaani hazina kuu. Baadaye ikabainika kuwa ile dhahabu ilikuwa hila. Sheria maarufu za 701 nilizozitaja juu zinabeba jina hilo mpaka leo.

Ukoo wa Sō ulitokana na maofisa wa serikali wa Kyushu. Kwa mapokeo ya kisiwa, walishika madaraka mwaka 1246 baada ya kuuondoa ukoo wa Abiru. Mwaka 1274 meli za Wamongolia pamoja na Wakorea waliolazimishwa kwenda nao zilitia nanga pwani ya magharibi, na Sō Sukekuni akashuka ufuoni Komoda na wapanda farasi wapatao 80. Hakurudi hata yeye mwenyewe.

Karne iliyofuata mambo yakageuka, na wa kuogopwa wakawa watu wa Tsushima. Maharamia walioitwa wakō walishambulia pwani za Korea mwaka hadi mwaka, wakipora hasa maghala ya nafaka na kuteka watu. Wengi walitokea kwenye ghuba za Tsushima na Iki. Siwatetei, vijiji vya Korea vilibaki mahame kwa ajili yao. Lakini angalia walichokipora kwanza: mchele.

Mwaka 1419 ufalme wa Joseon, yaani Korea ya wakati ule, ukachoka. Meli 227 zenye watu 17,285, chini ya jemadari Yi Jongmu, zilivuka na kuchoma nyumba na mashua kisiwani. Ndani ya milima Wakorea nao walipoteza watu wengi, wakaondoka baada ya wiki mbili hivi. Hakuna aliyeshinda kikamilifu, ila Joseon ilijifunza jambo ambalo naliona kuwa ndiyo hekima kubwa ya karne ile: mwenye njaa hazimwi kwa upanga. Mkataba wa 1443 ukampa bwana wa Tsushima haki ya kupeleka meli 50 za biashara kila mwaka, na juu yake mafungu 200 ya mchele na maharagwe kama zawadi ya mfalme. Zaidi ya hayo, meli yoyote ya Japani iliyotaka kufanya biashara Korea ilipaswa kuwa na hati kutoka kwa Sō.

Hati hiyo ndiyo iliyoijenga dola ya Tsushima. Kwingineko Japani, bwana aliwafunga watu wake kwake kwa kuwagawia ardhi. Sō hakuwa na ardhi ya kugawa, akagawa safari. Fulani akapewa nafasi ya meli moja kwa mwaka, fulani haki ya kuvua kwenye maji ya Korea, fulani msamaha wa ushuru. Anayeikosea familia ya bwana ananyang'anywa meli yake. Kwa namna hiyo maharamia wakageuka wafanyabiashara, na wafanyabiashara wakawa raia watiifu.

Lakini kinachotolewa kwa hati hupunguzwa kwa hati. Mwaka 1510 Wajapani waliokaa kwenye bandari tatu za Korea waliasi kwa kuungwa mkono na Tsushima, wakashindwa, na mkataba wa 1512 ukakata meli kutoka 50 hadi 25 na nafaka kutoka 200 hadi 100. Nusu ya riziki ya kisiwa ikakatika kwa siku moja. Hapo mihuri ya mbao ikaingia kazini. Tsushima ilianza kupeleka meli kwa majina ya mabwana wengine wa Japani, wengine wakiwa wamekufa zamani, wengine hawakuwahi kuwapo. Wajumbe wa uongo walifika wakiwa na barua za uongo na mihuri ya kuchonga, wakapokewa, wakalishwa, wakafanya biashara, wakarudi na mchele.

Kughushi kwa ajili ya biashara kulizoeza mikono kwa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita aliyekuwa akiiunganisha Japani, aliitiisha Kyushu na kumwagiza Sō amlete mfalme wa Korea aje kusujudu. Sō walijua agizo hilo haliwezekani, na walijua pia kuwa kulikataa ni kifo. Walikwenda Korea kuomba kitu kingine kabisa, ujumbe wa kumpongeza Hideyoshi kwa kuiunganisha nchi. Wajumbe wakaja mwaka 1590. Wakorea walidhani wanapongeza. Hideyoshi alidhani wametii. Alipodai kwamba Korea iongoze jeshi lake kuiteka China, Tsushima ikalainisha maneno yakawa ombi la kupita tu. Safari hii ulaini haukutosha. Mwaka 1592 jeshi la kwanza lilitua Busan, na mbele kabisa walikuwapo jemadari Konishi Yukinaga na mkwewe Sō Yoshitoshi, bwana wa Tsushima, akiwashambulia watu waliokuwa wakimlisha.

Vita viliisha kwa kifo cha Hideyoshi mwaka 1598. Korea ilikuwa magofu, maelfu kwa maelfu ya watu wake walikuwa mateka Japani, na Tsushima ilikuwa haina meli hata moja yenye ruhusa. Yoshitoshi aliitengeneza upya nyumba yake kwanza. Konishi alikatwa kichwa baada ya kuwa upande ulioshindwa vita vya Sekigahara mwaka 1600, na Yoshitoshi akamwacha mkewe Maria, binti wa Konishi. Nikisoma habari zake huyu mama ndiye anayenigusa kuliko wote, maana aliolewa kwa siasa na kuachwa kwa siasa.

Kisha ikaja kazi ya kurudisha amani. Korea iliweka masharti mawili: Tokugawa Ieyasu, mtawala mpya wa Japani, aandike barua kwanza, na wakabidhiwe watu walionajisi makaburi ya wafalme wakati wa vita. Kwa adabu za kidiplomasia za wakati ule, anayetangulia kuandika ndiye mwombaji. Tsushima haikusubiri. Ilipeleka barua ambayo wanahistoria wengi wanakubali kuwa ilighushiwa, pamoja na wafungwa wawili wa kisiwani waliosemekana kuwa ndio wanajisi. Wakorea walishuku, na haki ya kushuku walikuwa nayo. Walikubali kwa sababu walitaka watu wao. Mwaka 1607 ujumbe wao ukafika Edo na kurudi na mateka zaidi ya 1,000.

Hapo uongo ukahitaji uongo mwingine. Ujumbe huo ulikuja *kujibu* barua, na barua ya mfalme ilisema hivyo wazi. Lakini Edo haikujua kuwa iliwahi kuandika. Tsushima ikaiandika barua upya ili ionekane Korea ndiyo iliyotangulia. Tena mwaka 1617 shogun Hidetada alitia saini jibu lake bila kujiita mfalme, na Korea isingekubali mfalme wake aandikiane na mtu asiye na cheo hicho. Tsushima ikaongeza herufi moja, 王, yaani mfalme. Amani ya nchi mbili ikasimama juu ya mistari minne ya wino. Mwaka 1624 wakarudia.

Siri ilitolewa na mtu wa ndani. Yanagawa Shigeoki, mkuu wa familia iliyokuwa ikiendesha mambo ya Korea chini ya Sō, aligombana na bwana wake Sō Yoshinari, na mwanzoni mwa miaka ya 1630 akaieleza Edo kila kitu. Mwaka 1635 shogun Iemitsu aliwasikiliza wote wawili mbele ya madaimyo waliokusanyika. Kosa lilikuwa kubwa kuliko uhaini wa kawaida: jina la shogun lilikuwa limeandikwa na mikono ya watumishi. Lakini aliyepelekwa uhamishoni kaskazini ya mbali ni Yanagawa, mtoa siri, na mtawa Genpō aliyekuwa mwandishi wa barua. Sō alibaki na jimbo lake.

Wengine huona hukumu hiyo kuwa ya ajabu. Mimi naiona ya kimantiki. Edo haikuwa na mtu mwingine aliyejua lugha, adabu na njia za Korea. Kumwondoa Sō kulikuwa ni kubomoa daraja huku uko katikati yake. Badala yake wakaweka mlinzi: watawa wasomi kutoka mahekalu makubwa ya Zen ya Kyoto walipelekwa Tsushima kwa zamu, kukagua kila barua inayoingia na kutoka. Tatizo la cheo nalo likapata dawa. Kuanzia 1636 shogun aliitwa Taikun, bwana mkuu, jina ambalo halikuwa mfalme wala si chini ya mfalme. Kughushi kukakoma kwa sababu hakukuwa tena na haja.

Miaka mia moja iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote ya kisiwa. Japani ilikuwa imefunga milango yake isipokuwa minne, na mmoja ulikuwa Tsushima. Wengi wanaifahamu Dejima, kisiwa kidogo cha Wadachi kule Nagasaki. Wachache wanajua kuwa watu wa Tsushima walikuwa na mtaa wao Busan, ulioitwa Waegwan, ambao ulipohamishiwa Choryang mwaka 1678 ulikuwa na ukubwa wa mita za mraba 330,000 hivi, zaidi ya mara ishirini ya Dejima. Waliishi humo wanaume 400 hadi 500, bila wanawake, wakinunua hariri ghafi ya China na ginsengi ya Korea na kulipa kwa fedha ya Japani. Ginsengi ilithaminiwa mno kama dawa, kiasi kwamba sarafu za Japani ziliposhuka ubora na Wakorea kuzikataa, mwaka 1710 Edo iliruhusu zitengenezwe sarafu maalumu zenye asilimia 80 ya fedha, kwa ajili ya biashara hiyo tu.

Hata hivyo kuvuka bahari hakukuwa mchezo. Mwaka 1703 meli ya wakalimani wa Korea ilizama karibu na Wanitsuura, na wote waliokuwamo, zaidi ya watu 100, wakafa wakiwa wamekaribia kabisa kufika.

Na tumbo? Vitambaa vya pamba ambavyo Korea ililipa vilibadilishwa kwa sehemu kuwa mchele. Sō walikuwa pia na ardhi ya Tashiro huko Kyushu, ambako mpunga unaota. Kisiwani kwenyewe wakulima walifyeka na kuchoma miteremko, wakapanda shayiri na buckwheat, na usiku nguruwe mwitu wakavuna. Mwaka 1700 ofisa aliyeitwa Suyama Totsuan alianza kazi ambayo ingeweza kumpoteza kichwa. Shogun Tsunayoshi alikuwa ametunga sheria kali za kuhurumia wanyama, na Totsuan akaamua kuwamaliza nguruwe wote wa Tsushima. Walikigawa kisiwa vipande kwa uzio, wakakisafisha kipande baada ya kipande, na hadi 1709 waliuawa zaidi ya 80,000. Yeye hakuadhibiwa.

Kisha likaja zao ambalo halikujali mwamba. Mwaka 1715 Harada Saburōemon alileta kutoka Satsuma mbegu za viazi vitamu. Watu wa Tsushima waliviita kōkōimo, viazi vya mtoto mwema, yaani mtoto anayewatunza wazazi wake. Mwaka 1763 balozi wa Korea, Jo Eom, akiwa njiani kwenda Edo, aliviona kisiwani na kutuma mbegu Busan. Leo Wakorea huviita goguma, jina ambalo asili yake inahusishwa na lile la Tsushima. Kwa karne nyingi nafaka ilikuwa ikitoka Korea kuja kisiwani; mara hii chakula kilikwenda upande wa pili.

Kipindi hicho kilikuwa na mtu wake pia, Amenomori Hōshū. Msomi huyu wa falsafa ya Kikonfusio alikwenda Busan kujifunza Kikorea akiwa mtu mzima, akaanzisha shule ya wakalimani mwaka 1727, na mwaka uliofuata akamwandikia bwana wake mwongozo wa kushughulika na Korea. Kiini chake ni kwamba majirani wasidanganyane, wasigombane, wakutane kwa ukweli. Ofisi aliyoitumikia ni ileile ambayo miaka mia moja nyuma ilikuwa ikiongeza herufi kwenye barua za wafalme.

Riziki ya dalali hukauka pande mbili zikianza kujitosheleza. Katikati ya karne ya 18 Japani ilikuwa inalima ginsengi yake na kufuga viwavi wake wa hariri. Fedha ikapungua. Ujumbe wa mwisho wa Korea, mwaka 1811, haukufika Edo. Kwa kubana gharama, ulipokelewa Tsushima na kurudishwa. Mwaka 1861 manowari ya Urusi, Posadnik, ikaingia ghuba ya Asō, mabaharia wakajenga vibanda, wakakaa karibu nusu mwaka, na wakaondoka tu Waingereza walipoingilia. Kisiwa kilikuwa kimerudi kuwa ngome, na bwana wake hakuwa na uwezo wa kukilinda.

Mwisho wenyewe ulikuja na muhuri. Serikali ya Meiji iliposhika madaraka mwaka 1868, iliiagiza Tsushima ipeleke Korea barua ya kutangaza mabadiliko. Ilitumia herufi za kikaizari, ambazo Joseon ilizikubali kwa Kaizari wa China peke yake, na muhuri mpya uliotolewa na serikali badala ya ule ambao Korea yenyewe iliwapa Sō. Ulikuwa muhuri halali, uliotolewa na mamlaka halali. Maofisa wa Busan wakaitazama barua, wakakataa kuipokea.

Mwaka 1871 han ikafutwa, mwaka 1872 kisiwa kikaunganishwa na mkoa wa Nagasaki, na mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ikapeleka maofisa wake Busan kuichukua Waegwan mikononi mwa watu wa Tsushima. Miaka minne baadaye Japani iliifungua Korea kwa mkataba uliopatikana kwa vitisho vya manowari, bila dalali.

Dunia ilikuja kulijua jina la Tsushima mwezi Mei 1905, meli za Urusi zilizozunguka Afrika na kungoja zaidi ya miezi miwili Nosy Be, Madagaska, zilipoangamizwa kwenye mlangobahari wake. Mwaka 1931 mrithi wa ukoo, Sō Takeyuki, alimwoa Deokhye, binti wa mfalme Gojong wa Korea, nchi ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Japani. Wakaachana mwaka 1955.

Leo kisiwa kina watu wasiofika 30,000, chini ya nusu ya waliokuwapo mwaka 1960. Mwaka 2018 kilipokea watalii wa Korea takriban 400,000. Feri zinazotoka Busan hutia nanga Hitakatsu, kwenye ncha ya kaskazini, mwendo mfupi kutoka pale Wanitsuura ilipozama meli ya wakalimani.